Boti ya Papa na Ukurasa Wenye Doa

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko. Naandika polepole, na herufi zangu hulala upande kama nyasi zilizokanyagwa. Kiswahili cha kuandika nilifundishwa shule ya msingi kule kwenye kambi ya wakimbizi, nikakiacha kabla sijamaliza. Tangu hapo nimekitumia kwa mdomo tu, na mdomo wenyewe siufungui sana. Kwa hiyo mkikuta r imekaa mahali pa l, isogezeni kidogo mpite. Nawaandikia ninyi mlio rika langu, mliofika Sydney mkiwa wadogo kama nilivyofika mimi, kwa sababu wiki iliyopita kuna harufu imenishika mkono na mpaka leo haijaniachia.

Siku hizi nafanya kazi Lidcombe, kwenye karakana ya makabati ya jikoni. Kazi yangu ni kupiga msasa milango mpaka iwe laini kama shavu la mtoto. Wiki iliyopita msimamizi alifungua kopo la vanishi karibu yangu, ile ya zamani inayowasha pua, na palepale sikuwa Lidcombe tena. Nilikuwa na miaka tisa, nimesimama kwenye roshani ya fleti yetu ya Toongabbie na brashi mkononi. Nilikuwa nimeambiwa nisiivute ile harufu, nami kwa kutii nilibana pumzi hadi Mama akauliza kama naumwa.

Lakini nimeanzia katikati. Acha nirudi.

Watu wetu wote walimwita Papa, yaani baba yangu, kwa jina la Fundi. Kanisani walimwita hivyo, na hata kwenye kituo cha treni mtu aliweza kupaza sauti kutoka upande wa pili wa reli, "Fundi! Habari ya nyumbani?" Mimi sikuwahi kumwona akitengeneza chochote. Nilizaliwa kambini, na kambini hakukuwa na ziwa. Niliambiwa tu kwamba zamani, Kongo, kwenye Ziwa Tanganyika, Papa alijenga boti za mbao za kubeba watu na magunia ya unga wa mihogo. Hapa Sydney alifanya kazi kwenye ghala la vyakula vilivyogandishwa. Alikuwa akirudi na mikono ya baridi anatuwekea shingoni kwa utani, sisi tunakimbia tukipiga kelele. Kwangu mimi Fundi lilikuwa jina tu, kama yule mama wa kanisani aliyeitwa Siwema ilhali alikuwa mwema kabisa.

Kanisa letu lilikuwa la mchanganyiko, sisi Wakongo na Wakenya, na Kiswahili ndicho kilichotuketisha benchi moja. Mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alikuwa Mama Kevin, nesi Mkenya wa Quakers Hill mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Mwanawe Kevin alikuwa na miaka kumi na alizungumza bila kupumzika. Mimi nilikuwa na miezi minne darasani humo na sikuwa nimesema neno hata moja. Mama Kevin alishazoea kunipita akiita majina, ananipapasa kichwa tu na kuendelea.

Jumapili moja Kevin alitangaza kwamba baba yake anajenga meli. Ilikuwa meli ndogo ya kuunganisha, iliyonunuliwa ikiwa ndani ya sanduku, vipande vyote vimekwishakatwa. Alieleza mlingoti wake, akaeleza rangi yake, akaeleza tena mlingoti. Sijui ni nini kilinipata. Nilisikia sauti ikisema, "Papa yangu anajenga boti ya watu mia mbili," kisha nikaona kila mtu amenigeukia, ndipo nikajua sauti ni yangu.

"Iko wapi?" Kevin akauliza.

"Kongo."

"Wacha! Kongo ni mbali. Si alete hapa tuone."

Darasa likacheka. Mama Kevin naye, kwa furaha ya kunisikia nikisema, akapiga makofi na kuamua jambo papo hapo. Baada ya majuma matatu kanisa lingekwenda pikiniki kwenye bustani yenye bwawa. Baba Kevin alete meli yake, na baba yangu alete boti yake. Kila moja ibebe kilo ya unga wa mahindi kutoka ukingo huu hadi ule. "Ambaye unga wake utalowa," akasema, "atatupikia uji wote!"

Nilirudi nyumbani nikijuta. Nilikuwa nimesema jambo moja tu katika kanisa lile. Papa akishindwa, jambo hilo moja lingekuwa uongo, na nani angenisikiliza siku nyingine nikifungua mdomo?

Sikuthubutu kumwambia. Lakini Mama Kevin alimpigia Mama simu kabla hata sijavua viatu, na Mama akamweleza Papa huku akicheka. Papa aliniita mezani. Kwa kawaida huniita Mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake, Riziki.

"Mutoto huyu hasemagi," akamwambia Mama. "Halafu siku anasema, anasema batu mia mbili!"

"Walikuwa wangapi?" nikauliza kwa sauti ndogo.

"Sitini." Akafikiri kidogo. "Na mbuzi."

Nikaanza kulia. Papa akaniwekea ile mikono yake ya baridi mashavuni. "Sasa ni lazima tuijenge, Mama. Neno limeshatoka. Tutaliacha lizagae peke yake?"

Mbao zilitoka barabarani. Mnazijua zile siku ambazo watu wa mtaa hutoa vitu vikubwa vya kutupwa na kuvirundika mbele ya nyumba: magodoro, viti, televisheni za tumbo kubwa. Papa alizipenda siku hizo kuliko sikukuu. Alipita mitaa mitatu na kurudi amebeba begani mapazia mawili ya mbao, yale ya vipande vyembamba virefu vinavyofungwa kwa nyuzi. Alikata nyuzi, akatandaza vipande sakafuni, akainamisha kimoja mpaka kikakaribia kuvunjika, akakiachia. "Mbao nzuri," akasema, na mimi nikamwamini, kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumwamini.

Kila jioni baada ya kazi alikaa sakafuni, mimi nimekaa mbele yake. Alichonga mkuku, yaani ule uti mrefu wa chini ya boti, kutoka mguu wa kiti. Alitengeneza mbavu tisa, akazisimamisha juu ya mkuku kama mifupa ya samaki aliyeliwa vizuri. Nilipenda mifupa ile. Tatizo lilianza kwenye kuivika.

Papa alinieleza jinsi walivyofanya kule. Boti zao hazikuwa na gundi. Mbao zilishikwa na misumari, kisha kwenye nyufa kati ya mbao walishindilia pamba iliyosokotwa na kulowekwa kwenye mafuta ya mawese. Na kabla ya yote, mbao zenyewe zilisuguliwa mawese. "Ubao ukunywe mafuta kwanza," alisema, "ndiyo hautakunywa maji." Basi akachukua chupa ya mawese jikoni, akavisugua vile vipande vya pazia kimoja kimoja kwa kitambaa mpaka vikawa na rangi ya chungwa.

"Fundi!" Mama akapiga kelele. "Ile chupa ni ya kupikia majani ya sombe!"

"Sombe itasubiri. Boti ina siku."

Lakini msumari hata mdogo kabisa ulipasua vipande vile kama biskuti. Ikabidi gundi. Tulikwenda duka la vifaa vya ujenzi, na kijana wa dukani alituonyesha gundi ya mirija miwili inayochanganywa, akasema hata maji hayaiwezi. Papa alisoma maandishi kwa kidole, nami nikamtafsiria maneno niliyoyajua, ambayo hayakuwa mengi. Tuliivika boti ubao juu ya ubao, tukabana kila mahali kwa vibanio vya nguo, na ilipokaa hivyo juu ya friji ilifanana na nungunungu. Tukaiacha siku nzima.

Kesho yake tulijaza maji bafuni. Papa aliiweka boti taratibu kwa mikono miwili, kama anayemlaza mtoto. Ikakaa vizuri. Nilipumua. Halafu povu dogo likatoka ubavuni, na ubao mmoja ukajitenga, ukaelea peke yake bila haraka. Wa pili ukaufuata kana kwamba umeitwa. Wa tatu, wa nne. Gundi yenyewe ilikuwa imekauka sawasawa, ngumu kama ukucha, ila haikuwa imeshika chochote. Ilibanduka kama gamba la kidonda kilichopona.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na taulo. "Fundi," akasema, "naona boti yako inashusha abiria."

Papa alicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi kuliko kawaida yake.

Alijaribu tena. Alidhani gundi ilikuwa kidogo, akaongeza. Alidhani ubao haukunywa vya kutosha, akasugua mawese mara mbili. Safari hii mbao zilianza kubanduka kabla hata hazijagusa maji, tulipokuwa tukitoa vibanio. Papa alikaa na kipande kimoja mkononi, akakigeuza huku, akakigeuza kule.

Hapo ndipo mimi, kwa akili zangu za miaka tisa, nilipofanya hesabu yangu. Nilijua kuwa watu wazima huwapa wenzao majina ya kuwafariji. Kambini palikuwa na mzee asiye na jino akiitwa Meno. Nikaamua kwamba Papa hakuwa fundi kamwe. Huko Kongo labda alikuwa akibeba magunia ya unga tu, na watu wakamwonea huruma wakamwita Fundi, naye akazoea. Sikumkasirikia. Nilimwonea huruma mimi pia, na huruma ya mtoto kwa baba yake ni kitu kizito sana, haina mahali pa kushikia. Niliacha kukaa mbele yake jioni. Usiku kabla ya kulala niliomba mvua inyeshe siku ya pikiniki, mvua kubwa, ikiwezekana na radi.

Ilibaki wiki moja.

Jumatatu shuleni tulikuwa tukibandika picha kwenye madaftari. Picha yangu ilikuwa ya wingu na mto na mishale inayoonyesha mvua inakotoka, na niliibandika kwa uangalifu mkubwa, maana kubandika hakuhitaji kuzungumza. Mama huniwekea mandazi kwenye begi, na safari ile mandazi yalikuwa yamelalia daftari yakaacha doa la mafuta kwenye ukurasa, doa la duara, linapitisha mwanga kama dirisha. Nikapaka gundi ukurasa mzima, nikabandika picha, nikaisawazisha kwa kiganja. Kila mahali ilishika. Kwenye doa ikainuka. Nikaibonyeza, ikainuka. Nikaongeza gundi, ikainuka tena, duara lilelile, si zaidi wala si pungufu.

Nilikaa nikilitazama lile duara mpaka kengele ikalia. Rangi ya chungwa ya mbao za Papa ilikuwa imenijia machoni.

Sasa kujua ni jambo moja na kusema ni jingine. Kwetu mtoto hamrekebishi baba yake, sembuse baba anayeitwa Fundi na kanisa zima. Na kulikuwa na hofu nyingine ndani ya hofu hiyo: nikimwambia, na ikawa kweli, basi itakuwa imethibitika kwamba hakuwa fundi. Maana fundi gani hajui kitu ambacho hata ndazi linajua?

Jioni ile niliweka daftari mezani kando ya mifupa ya boti, wazi, kwenye ukurasa wenye doa. Kisha nikakimbilia chooni, nikafunga mlango, nikaweka sikio.

"Hii nini?" sauti ya Papa.

"Kitabu cha mutoto." Sauti ya Mama, kutoka jikoni.

Nilisikia karatasi ikibanduliwa na kubonyezwa. Ikabanduliwa, ikabonyezwa. Halafu kitu kama kikohozi, na kikohozi kikakua kikawa kicheko, kicheko kikakua mpaka jirani wa chini akagonga dari yake.

"Mama! Toka chooni!"

Nikatoka. Alikuwa amekaa sakafuni, machozi yanamtoka, daftari kifuani.

"Nani amekufundisha hii?"

"Ndazi," nikasema.

Akacheka upya. "Miaka yote ile ya boti, sijagusa gundi hata siku moja! Musumari haujali mafuta. Ukipiga, unaingia. Kumbe gundi inajali!" Akamgeukia Mama. "Unasikia? Gundi ina maringo!"

"Mimi naisikia chupa yangu ya mawese," Mama akajibu. "Inalia."

Nilicheka pamoja nao, lakini moyoni nilijua nilichojua. Nilidhani anacheka kufunika aibu. Niliona nimemgundua, naye amegundua kwamba nimemgundua, na kwamba sasa tutaitunza siri hiyo wawili.

Tulianza upya na vipande vilivyobaki vya pazia, vikavu. Safari hii mimi ndiye niliyekuwa nikiuliza na Papa akijibu. Je, tumepiga msasa? Tumepiga. Vumbi limefutwa? Limefutwa. Mikono yako ina mafuta? Akaninyooshea mikono yake niinuse, nami nikainusa kwa dhati, nikamrudisha mara moja akanawe. Gundi ikashika. Tuliacha siku nzima na nusu, tukatoa vibanio, na Papa akajaribu kuubandua ubao mmoja kwa nguvu. Ubao ukakataa. "Eeh," akasema kwa heshima, kama mtu aliyekutana na mshindani wake njiani.

Ndipo ikaja vanishi, kopo la mwisho lililobaki dukani, bei imepunguzwa. Mpako wa kwanza Papa aliizimua kwa tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, ili iwe nyepesi. Tulipoipaka ilitoweka ndani ya mbao mbele ya macho yetu. "Unaona?" alisema. "Bado inakunywa. Ni vilevile. Kinywaji tu ndicho kimebadilika." Ndani ya boti mkono wake haukuingia, hivyo kazi ya ndani ikawa yangu, katikati ya mbavu, kwenye vipembe, na brashi nyembamba ya kuchorea. "Ndani hasa," alinisisitiza. "Pale ambapo jicho halifiki, maji yanafika." Tukaacha ikauke, tukapiga msasa mwepesi, tukapaka tena, na tena. Mapazia ya Mama yalinuka, nguo zilinuka, hata chai ilikuwa na ladha ya karakana. Ndiyo ile roshani, ndiyo ile pumzi niliyoibana.

Siku ya mwisho tuliipeleka bafuni na kilo ya unga ndani yake. Mama alinyimwa bafu saa mbili nzima. Tulipoiinua, nilipitisha kidole sehemu zote za ndani, kwenye kila kipembe. Kikavu. Papa akaninyooshea mkono wake niushike kama watu wazima wanavyofanya.

Siku ya pikiniki mvua haikunyesha, na sikuwa nimeiomba tena.

Meli ya Baba Kevin ilikuwa nzuri kuliko nilivyoogopa. Ilikuwa ya bluu na mstari mweupe, na mlingoti ulikuwa kama Kevin alivyosema. Yetu kando yake ilikuwa pana na ya kahawia, kama boti ya kweli iliyorudi sokoni. Baba Kevin, mtu mpole wa ofisini mwenye miwani, aliiweka meli yake majini mapema ili watu wapige picha. Walipiga nyingi. Kisha akaiinua, na maji yakamwagika kutoka tumboni mwake.

Watu wakasogea kutazama. Chini, kando ya mkuku, ufa mrefu ulikuwa umefunguka, na ndani yake kulikuwa na kitu cheupe kinachotiririka kama maziwa. Baba Kevin alikuwa ametumia gundi nyeupe ya shuleni, ile inayorudi kuwa uji ikilowa, na rangi alikuwa amepaka nje tu.

"Leteni sukari!" mtu mmoja wa kwetu akapaza sauti. "Uji wa Wakenya umeiva!"

"Wekeni na ndimu!" mwingine akaitikia, na watu wakaangua kicheko.

Nilimtazama Kevin. Hakuwa akizungumza. Sikuwahi kumwona hivyo, lakini uso ule niliujua. Ni uso nilioubeba mimi siku ile bafuni, abiria waliposhuka.

"Si tuahirishe?" Baba Kevin akasema, akifuta miwani isiyo na tone. "Nikimbie Quakers Hill, nilete gundi ya maana."

Papa alikuwa ameshachuchumaa kando ya meli ile. Alipitisha kidole gumba kwenye ufa, polepole, kama anayesoma. "Gundi inataka siku nzima," alisema. "Tena ubao umelowa, hautaishika." Akainua kichwa. "Mama Kevin, una pamba?"

Nesi kukosa pamba! Ilitoka kwenye mkoba wake wa huduma ya kwanza kabla Papa hajamaliza kuuliza.

"Mama Riziki! Mawese!"

"Tena?" Mama akasema. Lakini alikuwa amekwishafungua kapu, kwa kuwa maharagwe ya Mama hayaendi popote bila chupa ile.

Papa alikaa kwenye majani. Akachana pamba, akaitia mafuta, akaanza kuisokota juu ya paja lake. Vidole vilikwenda vyenyewe, yeye hakuvitazama hata kidogo. Ule uzi ulitoka chini ya kiganja chake mrefu na sawasawa, mnene pale ufa ulipokuwa mpana na mwembamba pale ulipobana, bila kupima. Akaomba kisu cha kupakia siagi na jiwe. Akauweka uzi kwenye ufa, kisu juu yake, akagonga. Ko, ko, ko. Sikuwahi kuusikia mlio ule. Wanaume wa kwetu waliokuwa wakitania walisogea karibu, mmoja mmoja, na kicheko kikawaishia. Mmoja wao, aliyekulia kandokando ya ziwa, alivua kofia. "Sikiliza," akamwambia mkewe. "Unasikia? Nyumbani asubuhi."

Baba Kevin aliinama. "Lakini Fundi, si nasikia mafuta yanaharibu? Riziki aliwaambia watoto gundi haipendi mafuta."

Ndiyo, nilikuwa nimemwambia mtoto mmoja. Kanisa ni dogo.

"Kweli kabisa, gundi haiyapendi," Papa akajibu, anagonga. "Na maji pia hayapendi mafuta. Leo kazi yetu ni na maji."

Nilisimama pale na boti yetu mikononi, na kitu ndani yangu kikakaa mahali pake, kama ubao ukikaa kwenye ubavu. Hakuwa amekosea. Alijua alichojua, alikijua mpaka vidoleni, ila kilikuwa kimesubiri ufa wake. Mimi nilikuwa nimemhukumu kwa gundi.

Aliifuta meli kwa kitambaa, akaiweka majini, akahesabu taratibu mpaka mia, akaiinua. Kavu. Makofi yaliyopigwa yaliwarusha bata wote upande wa pili.

Basi tukashindana. Kevin na mimi tulizunguka hadi ukingo wa pili, kila mmoja na uzi wake mrefu, Mama Kevin akapuliza filimbi na tukavuta. Meli ya bluu ilikuwa nyembamba na nyepesi, ikapita kama kisu. Boti yetu ilikuja nyuma kwa utulivu, kama yenye watu wazito na mizigo yao, ikafika wakati Kevin alikwisharuka mara nyingi na kuchoka kuruka. Tulishindwa, tena na meli aliyoiziba Papa mwenyewe. Mama Kevin alifungua pakiti zote mbili mbele ya watu, akatumbukiza mkono, unga ukaruka kama vumbi. Hapakuwa na uji. Ulipikwa ugali, ukaliwa na yale maharagwe.

Kevin alikuja nilipokaa. Alisimama kwanza bila neno, jambo ambalo kwake lilikuwa kazi.

"Babako ni fundi," akasema. "Kweli anajenganga ya watu mia mbili."

Ningeweza kuliacha hivyo. Hakuna ambaye angejua. Lakini nilikuwa nimeshausikia ule mlio, ko, ko, ko, na baada yake mia mbili ilikuwa kama rangi iliyopakwa nje tu.

"Sitini," nikamwambia. "Na mbuzi."

Kevin akacheka, nami nikacheka, na tangu Jumapili iliyofuata Mama Kevin hakunipita tena akiita majina.

Ukurasa wenye doa Papa aliuchana kutoka daftarini kwa ruhusa yangu. Alitaka kuubandika ukutani kwenye roshani, akacheka mwenyewe, akaupigilia kwa msumari. Upo mpaka leo, umegeuka njano, na lile duara bado linapitisha mwanga. Boti tulimpa mtoto wa jirani wa chini, kwa ajili ya zile kelele.

Wiki iliyopita nilirudi kutoka Lidcombe na vanishi imenikaa kwenye nywele. Papa alikuwa kwenye kiti chake. Alinusa hewa kabla sijafunga mlango.

"Umepaka ndani pia?" akauliza.

"Ndani hasa, Papa."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaendelea na chai yake.

Nimeandika haya kwa jioni sita, na mkono unauma. Sasa ni zamu yenu. Kwenu walijua kufanya nini, baba na mama zenu, kitu ambacho hapa hakikupata ufa wake, au kilichelewa kuupata? Niandikieni. Msiogope mwandiko, wangu mmeuona. Na kama mtaandika huku mnakula mandazi na karatasi ikaingia doa, msiitupe. Itumeni hivyohivyo, msumari ninao.